Wapenzi wa muziki wa klasiki Dar, tuache kurushiana mafaili tuanze kusikiliza pamoja

#1 BesiWaTabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimeleta hili hapa kwa sababu kule kundini ujumbe mrefu unamezwa kabla watu hawajafika nusu. Wengi wenu mko kwenye lile kundi letu la wapenzi wa muziki wa klasiki wa hapa Dar. Ambao hamko, changieni vilevile.

Kundi limekua na nafurahi sana. Wameingia walimu wa kwaya, wapiga kinanda, vijana wa tarumbeta, na watu ambao hawajawahi kushika chombo ila wakisikia nyuzi za Mozart wanasimamisha walichokuwa wakifanya. Lakini tazameni siku yetu ya kawaida. Asubuhi mtu anatupia faili la sauti. Jina lake ni AUD, kistari, tarakimu nane, kistari, WA, tarakimu nyingine. Mtunzi hajatajwa, kazi haijatajwa, waliopiga hawajatajwa. Chini yake dole gumba na makofi. Kufika mchana yameshaingia mengine chungu nzima na lile la asubuhi limezama. Kesho yake mtu anauliza, "Jamani, ile konseto ya Vivaldi ya jana ni ipi?" Vivaldi ameacha konseto (kazi za okestra, mara nyingi na chombo kimoja kinachoongoza) zinazokaribia 500. Swali linapita hivyo hivyo, maana hata aliyeituma hajui.

Huko ni kurushiana. Kusikiliza bado hatujaanza.

Pendekezo langu kubwa ni moja: kazi moja kwa wiki, watu wote. Iwekwe Jumapili jioni, kila mtu aisikilize kwa nafasi yake, Ijumaa saa mbili usiku tukae tuizungumze. Wiki hiyo lisiingie faili jingine kwenye chumba kikuu. Mwenye hamu ya kutuma mengine afunguliwe chumba cha pembeni. Ukiirudia kazi moja mara kadhaa ndipo unaanza kusikia sauti za katikati, ndipo unagundua cello ilikuwa na maneno yake wakati wewe ulikuwa unaifuata fidla. Huwezi kulipata hilo kwa kuonja vipande thelathini nusu nusu.

La pili ndilo linaloniuma. Juzijuzi dada mmoja, mwanakwaya, aliuliza kwa nini kwenye Haleluya ya Handel besi wanaanza peke yao pale penye "naye atamiliki hata milele na milele". Akajibiwa kwamba hili ni kundi la klasiki, mambo ya kwaya ayapeleke kwaya. Dada amenyamaza mpaka leo.

Wakuu, lile lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoyasoma mle ndani. Besi wanaingia na ule wimbo, teno wanaupokea, kisha alto, kisha soprano, na kila aliyetangulia anaendelea na lake huku mwenzake akianza. Hiyo ni mbinu ya fyuga. Bach aliishi nayo maisha yake yote, na alipofariki mwaka 1750 aliacha mkusanyiko mzima wa fyuga ambao haukukamilika. Mwanakwaya wa Dar anaibeba fyuga kooni mwake. Anajua ilivyo kazi kuingia kwa wakati huku sauti nyingine zikikuvuta. Mtu huyo ndiye tunamwambia si mwenzetu?

Hapa mjini watu wengi waliokutana na Handel, Mozart na Bach kwa vinywa vyao wenyewe wamekutana nao kwaya. Kwa hiyo napendekeza wanakwaya wawekwe katikati ya kundi, na kila kazi ya kuimba iletwe na nota zake, za solfa (zile za herufi d, r, m) na za mistari mitano pamoja, ili kila mtu afuate kwa njia aliyoizoea.

Tuandike majina kamili. Mtunzi, kazi, namba yake, sehemu gani, nani amepiga, ilirekodiwa lini. Namba zile hazikuwekwa kwa mapambo. Köchel alitoa orodha yake ya kazi za Mozart mwaka 1862, ndiyo maana tunasema K. 618 na dunia nzima inajua ni ipi. Za Bach zina BWV, za Schubert zina D, za Vivaldi zina RV. Ukiandika "sonata ya G" unatuacha gizani. Ukiandika namba, hata mtoto wa sekondari kule Mbagala anaitafuta na kuipata.

Mwisho ni bando. Wanaotuma video nzito wanawafungia mlango wenzao. Faili la sauti la kilobiti 128 kwa sekunde linakula karibu megabaiti 1 kwa dakika. Simfonia ya Tisa ya Beethoven, ambayo ni dakika kama 70, inakuwa megabaiti 67 hivi. Ile ile kwa video ni mara kadhaa ya hapo. Tuweke sauti kwanza, video iwe kiungo tu kwa anayetaka.

Naomba kuwasilisha.

#2 AltoKijitonyama

Asante sana kaka kwa kulisema hadharani. Yule dada namfahamu, tunaimba naye. Nitamwambia aje asome hapa.

Naongeza kuhusu solfa, maana kuna watu kundini wanaiona kama nota za wasiosoma. Mfumo huu ulianzishwa Uingereza na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, kisha John Curwen akaukuza na kuueneza katika karne ya 19. Uliwawezesha watu wa kawaida, wasio na kinanda nyumbani, kusoma muziki wa sauti nne. Wimbo wetu wa taifa unatokana na wimbo wa Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Johannesburg, alioutunga mwaka 1897, na nyimbo zake alikuwa akiziandika kwa solfa. Mungu ibariki Afrika tunayoisimamia tangu shule ya msingi imepitia kwenye d, r, m. Anayeidharau solfa aanze kwa kulitafakari hilo.

Kwenye kwaya yetu mwalimu anachukua nota za mistari, anakaa na peni na karatasi, anaandika sauti moja moja: soprano mstari wa juu, alto, teno, besi chini, nukta mbili kutenganisha mapigo, vistari vya kushikilia. Fa akipandishwa anaandika fe, ti akishushwa anaandika ta. Kisha karatasi inapelekwa steshenari, inatolewa nakala, ikifika zamu ya besi herufi zimeshafifia. Kazi hiyo inafanywa upya na kila kwaya, Kinondoni wanaandika, Temeke wanaandika, Ukonga wanaandika, wimbo ni ule ule. Kundi lingekuwa na maktaba moja ya solfa zilizochapwa vizuri na kukaguliwa, walimu wangepata usingizi. Mimi nipo tayari kuchapa.

#3 MzeeWaSimfonia

Vijana wangu, hamjambo. Naunga mkono kazi moja kwa wiki. Nimelisubiri jambo hili.

Nina tahadhari moja. Msije mkaanza kukatakata. Naona mtindo wa kutuma sehemu ya kwanza ya Simfonia ya Tano ya Beethoven, ile inayoanza na mapigo yale manne, halafu basi. Simfonia ile haikuandikwa iishie pale. Sehemu ya tatu inaisha kwa kunyemelea, nyuzi ziko chini, ngoma inagonga taratibu, na bila kusimama inafunguka kwenye sehemu ya nne kwa tromboni na vyombo vyote, kutoka C ndogo (minor) kwenda C kubwa (major). Ukiitenganisha sehemu ya tatu na ya nne umeung'oa mlango wenyewe. Niliisikia hiyo kwa mara ya kwanza kwenye redio nikiwa kijana na nikabaki nimesimama.

Kwa hiyo kama tatizo ni muda na bando, chagueni kazi fupi zilizo kamili badala ya vipande vya kazi ndefu. Ziko nyingi. Konseto ya tatu ya Brandenburg ya Bach ni dakika kumi na kidogo. Simfonia ndefu nazo tuzipe wiki mbili au tatu, mzima mzima.

#4 BintiIlala

Assalaam alaikum na habari zenu wote.

Mleta uzi, shikamoo kama ni mkubwa wangu. Nimekuelewa na nimeguswa na habari ya yule dada. Ila naomba nami nisikilizwe. Mimi ni Muislamu, sijawahi kuimba kwaya na sitaimba. Nimeingia kwenye muziki huu kwa piano. Nilisikia ile sonata ya Beethoven ya Opus 27 namba 2, wanayoiita ya mwanga wa mwezi, nikawa siwezi kulala bila kuirudia. Baadaye nikajifunza kwamba jina hilo hakulitoa yeye, lilitokana na maneno ya mhakiki Rellstab baada ya Beethoven kufariki. Yeye aliiandika mwaka 1801 na kuiita sonata iliyo karibu na fantasia.

Ukisema wanakwaya wawe katikati, sisi tutakuwa pembeni. Tuko wengi kuliko mnavyodhani, tunasoma tu hatuandiki. Sina shida kusikiliza kazi za kanisani, nimesikiliza Messiah ya Handel, ile yenye Haleluya, yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Shida yangu ni kundi likigeuka la wiki za kanisa mfululizo, na salamu zikawa Bwana asifiwe tupu.

Ninapendekeza wiki ya kuimba, wiki ya vyombo, kwa kupokezana. Na kwenye vyombo tuanze na mtu ambaye humo kundini hajawahi kutajwa: Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges. Alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake Nanon alikuwa mwanamke wa asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa. Akawa mmoja wa wapiga fidla wakubwa wa Paris. Zile simfonia za Haydn zinazoitwa za Paris, namba 82 hadi 87, ziliagizwa kwa ajili ya okestra aliyokuwa akiiongoza. Ana konseto za fidla ambazo sehemu zake za polepole zinanyamazisha nyumba nzima. Tumsikilize, si kwa sababu ya rangi yake peke yake, ni kwa sababu anastahili na tumempita.

Na fidla tunazo hapa hapa pwani. Dar ilikuwa na Al-Watan na Egyptian, vilabu vya taarab vyenye fidla na kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi). Kuna wazee waliopiga huko wanaojua mkono wa upinde kuliko sisi wote. Waiteni siku moja watuelezee wanavyoshika upinde, wanavyoteleza kwenye waya. Mtu wa Vivaldi na mtu wa taarab wana mengi ya kuambiana.

Jambo dogo la mwisho: Ijumaa saa mbili usiku kwangu ni wakati wa Isha. Sogezeni iwe saa tatu. Ramadhani tutapanga upya kwa ajili ya tarawehe.

#5 TarumbetaKigamboni

Binti wa Ilala umesema kweli kabisa, saa tatu ni sawa na wengi.

Mimi ni wa tarumbeta, nimelelewa kwenye bendi ya kanisa, nasoma mistari mitano. Wenzetu wa bendi za Polisi na Jeshi nao wanasoma, na karibu wote hawamo kundini kwa sababu wanadhani ni mahali pa kuwekeana piano. Waalikwe.

Nataka kusema kuhusu namna ya kusikiliza, maana hata tukiwa na kazi moja kwa wiki mtu anaweza kuisikia kwa wiki nzima asisikie kitu. Mimi huvuka na kivuko asubuhi nikiwa na hedifoni. Muziki huu una sehemu za chini sana na sehemu za juu sana. Injini ikinguruma zile za chini zinapotea zote, ukiongeza sauti ili uzipate, zile za juu zinakupasua masikio. Daladala ndiyo usiseme. Watu wengi wanaosema "klasiki inaboa, naona kama haipigi" wameisikilizia Buguruni foleni ikiwa imeshika. Tuwaambie wageni wazi: tafuta nusu saa ya utulivu, alfajiri kabla mtaa haujaamka au usiku, na usiiweke kama muziki wa kufulia nguo.

Halafu kila mtu achague sauti moja ya kuifuata. Kwenye Haleluya ya Handel mimi nafuata tarumbeta. Ziko katika D, na enzi zake hazikuwa na vali, vile vitufe vya kubonyeza ili kubadili nota, vali zilikuja karne ya 19 mwanzoni. Mpigaji alitoa nota zote kwa midomo na pumzi, ndiyo maana tarumbeta za Handel zinakaa kimya kwa muda halafu zinaingia kwa nguvu pale tu ambapo zina nota zake. Ukilijua hilo, kule kungoja kwao unakusikia. Naweza kurekodi mstari wa tarumbeta peke yake kwa simu nikautuma, dakika moja tu, watu wausikie kabla ya kusikiliza kazi nzima. Fidla afanye hivyo, mwanakwaya afanye hivyo. Kila wiki sauti moja ichambuliwe hivyo na mwenye nayo.

#6 MsimamiziWaKundi

Wakuu nimesoma yote. Mimi ndiye ninayesimamia kundi pamoja na wenzangu wawili, na sote tuna kazi na familia. Mapendekezo ni mazuri. Yatakufa yasipopata watu wa kuyabeba. Kwa hiyo ninayeona ameandika "napendekeza" nitamwomba ashike jambo hilo. Alto, umekubali kuchapa solfa, nimekuandika.

Kuhusu yule dada, nilikuwa safarini na niliiona baadaye. Tutaweka kanuni: swali la mwanachama halirudishwi kwa dharau. Asiyetaka kujibu apite.

Kuna jambo hamjaligusa nalo linanikosesha amani. Hayo mafaili yanayozunguka ni mali za watu. Handel amefariki 1759, tungo zake ni za wote. Lakini okestra iliyorekodi mwaka juzi ina haki zake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na hakishiriki ndiyo inawagusa waimbaji, wapigaji na waliorekodi. Nota nazo hivyo hivyo, chapa mpya ya mhariri wa leo si sawa na chapa ya zamani. Tukijenga maktaba tuijenge kwa vitu halali. Tovuti ya IMSLP imekuwepo tangu 2006 na ina nota za zamani nyingi mno. Kwa kwaya kuna tovuti ya CPDL, ya tangu 1998, humo mwalimu anapata nota za watunzi kama Palestrina, Byrd, Mozart, bila kulipa. Musopen wana rekodi zilizoachiwa huru. Zile ambazo si huru tutume kiungo cha mahali halali, tusitume faili.

Hii pia itamaliza shida ya AUD na WA, maana kiungo kinakuja na jina lake.

#7 Mgeni_Mbezi

Samahanini wakubwa. Mimi sijui nota hata moja, si solfa si mistari. Nilikuwa napita tu nikasoma uzi wote. Mtu kama mimi aanzie wapi? Nikiuliza kule kundini nitachekwa?

#8 MzeeWaSimfonia

Hutachekwa, mwanangu, na akikucheka mtu mimi nitakuwepo.

Anza na Haydn, Simfonia namba 94, sehemu ya pili. Aliiandika 1791, ikapigwa London mwaka uliofuata. Nyuzi zinaanza na wimbo mwepesi kabisa, ambao mtoto anaweza kuurudia baada ya kuusikia mara moja. Wanaupiga, wanaurudia kwa sauti ya chini zaidi. Halafu kinatokea kitu. Sikuambii. Baada ya hapo wimbo ule ule unarudi ukiwa umevalishwa namna nyingine, mara mwepesi, mara mkali, mara obo (chombo cha kupuliza) inauzunguka. Kazi yako ni moja tu: kila ukirudi, jiulize wimbo uko wapi sasa, nani ameubeba. Ukimaliza njoo utuambie ulichosikia. Utakuwa umeshaanza, na nota utajifunza baadaye ukitaka.

#9 FidlaUpanga

Nilitaka kuomba kona ya vyombo. Watu wananiuliza faraghani kila mara: waya wa fidla unapatikana wapi, mbona vigingi vya kukazia waya vinakwama masika, mbona vinaachia nikiweka chombo kwenye chumba chenye kiyoyozi. Hewa ya Dar ina unyevu, mbao zinavimba, kigingi kinakaza. Ukihamia kwenye ubaridi mkavu mbao zinanywea, kigingi kinateleza na waya unalegea wenyewe. Chagua mahali pamoja uweke chombo hapo, mbali na dirisha linalopigwa jua la mchana na mbali na mdomo wa kiyoyozi, na kiwe ndani ya kisanduku chake. Piano hali kadhalika, usiiegemeze kwenye ukuta wa nje unaopata mvua. Maswali haya yakiwa na chumba chake hayatazama kila wiki na kuulizwa upya.

Kuhusu uzi wenyewe: naunga mkono yote, na wiki ya Saint-Georges nitarekodi mstari wa fidla.

#10 BesiWaTabata (mleta uzi)

Wakuu nashukuru mno.

BintiIlala, marahaba. Hoja yako nimeipokea yote. Niliposema wanakwaya wawe katikati nilikuwa nawatetea waliosukumwa nje, na wewe umenionyesha wengine ambao pendekezo langu lingewasukuma nje. Iwe kama ulivyosema, wiki ya kuimba na wiki ya vyombo, Ijumaa saa tatu usiku. Na wazee wa taarab nitashukuru ukitusaidia kuwafikia, maana wewe uko karibu nao.

Mzee, kukatakata hatutaki tena. Kazi kamili. TarumbetaKigamboni, hilo la kila mtu kufuata sauti moja nadhani ndilo litakalobadilisha mazungumzo ya Ijumaa kuliko jingine lolote. Badala ya "nzuri sana" tutakuwa na mtu wa besi anaeleza besi na mtu wa alto anaeleza alto.

Kwa wiki ya kwanza naleta Ave verum corpus ya Mozart, K. 618. Sababu zangu ni hizi. Ni kazi kamili na ni dakika tatu au nne, hata bando la siku linatosha. Aliiandika Juni 1791 kwa ajili ya Anton Stoll, mwalimu wa kwaya wa parokia ya Baden karibu na Vienna, rafiki yake. Mozart, akiwa amebakiza miezi michache ya kuishi, anamwandikia mwalimu wa kwaya ya parokia kitu ambacho kwaya yake inaweza kukiimba. Hakuweka mapambo ya kuonyesha uwezo. Sauti nne, nyuzi, ogani, na mwanzoni agizo moja tu la kuimba kwa sauti ya chini. Kwaya zetu kadhaa Katoliki zinaijua, wengine wataikuta mpya. Wiki ya pili Saint-Georges.

Tukizoea, nina jambo jingine la mwaka mpya. Lile onesho la Vienna la tarehe 1 Januari linaanza saa tano na robo asubuhi kwa saa zao, yaani saa saba na robo mchana kwetu. Ni sikukuu, watu wako nyumbani. Tunaweza kukutana mahali pamoja penye skrini na spika nzuri, tulione wote kwa wakati mmoja. Mwenye ukumbi au sebule kubwa asogee.

#11 MsimamiziWaKundi

Imepita. Chumba kikuu, chumba cha pembeni, kona ya vyombo, nafungua vyote Jumamosi. Kanuni ya majina naibandika juu. Yule dada karibu tena, na swali lake la besi tutalifungua rasmi wiki ya Handel ikifika. Ningependa wiki hiyo tusiishie kwenye Haleluya. Ile inafunga sehemu ya pili ya Messiah. Sehemu ya tatu inafunguka na soprano peke yake, maneno ya Ayubu, "Lakini mimi najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai". Watu wanatoka kwenye tarumbeta na ngoma wanaingia kwenye utulivu ule. Wengi wetu hatujawahi kuisikia kwa mpangilio huo.

#12 AltoKijitonyama

Dada amesoma. Amesema atarudi.

Solfa ya Ave verum nimeshaanza, doh (ile d, nota ya nyumbani) ni D. Nimekwama mahali pamoja na naomba walimu wa kwaya mnisaidie. Pale penye "cujus latus" Mozart anahama ufunguo, anaelekea F. Niendelee na doh ya D na kujaza ma (mi iliyoshushwa) na ta kila nota ya pili, au niandike doh mpya?

#13 MwalimuWaKwaya_Ukonga

Andika doh mpya, dada yangu. Weka "doh ni F" juu ya mstari, na ile nota ya kuvukia iandike kwa majina yake mawili, la zamani dogo pembeni na jipya kubwa, waimbaji waone wanapovukia. Kisha akirudi nyumbani andika tena "doh ni D". Ukiwajazia ma na ta, teno watapotea hapo kila mara, nawajua wangu.

Nitumie rasimu nikague sauti ya tatu na ya nne kabla ya Jumapili.